Ada za kusasisha mawasiliano ya chipu ya mbwa na paka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Nakuru, Kisumu na magharibi mwa Kenya

Majibu haya ni ya mtu ambaye mbwa au paka wake tayari ana chipu na sasa anadaiwa pesa asizozielewa, au amehama, amebadilisha laini, au amenunua mnyama aliyeandikishwa kwa jina la mwingine. Ukitaka tu kujua pa kuanzia, soma swali la kwanza na la tatu.

Kwani chipu ina ada ya kila mwaka? Nilidhani nililipa yote siku ya kuwekewa.

Chipu yenyewe haidai kitu. Ni kidude cha milimita 12 kwa 2 hivi (kuna ndogo za milimita 8 kwa 1.4, zinazopendwa kwa paka na mbwa wadogo), huwekwa chini ya ngozi kwa sindano, kimefungwa ndani ya kioo, hakina betri, hakina GPS, na hakijui kama uko Lanet au Kiamunyi. Skana ikipitishwa karibu hutoa mawimbi ya kHz 134.2, chipu huamshwa na nguvu ya mawimbi hayo na kurudisha tarakimu 15. Basi. Jina lako halimo, simu yako haimo, wala jina la mbwa.

Hayo mengine yamo kwenye kanzidata, yaani daftari la mtandaoni linalounganisha tarakimu zile 15 na mtu. Daftari hilo lina mwenyewe, na mara nyingi ni kampuni. Ada unayoombwa inakwenda kwa kampuni hiyo. Pesa ulizompa daktari wa mifugo zilikuwa za chipu, sindano na kazi yake; huenda uandikishaji ulikuwa ndani ya bei na huenda haukuwa. Risiti ikisema tu "microchip", usichukulie kwamba umeandikishwa. Piga simu uulize.

Ada zenyewe ziko za aina gani?

Ukiondoa majina ya kibiashara, utakutana na mitindo minne. Wa kwanza ni malipo ya mara moja kwa maisha ya mnyama: unalipa unapoandikisha, kisha unabadilisha simu na anwani utakavyo bila kulipa tena. AKC Reunite ya Marekani hufanya hivyo. Wa pili ni kulipia kila badiliko. Kuandikisha ni rahisi au bure, lakini siku ukibadilisha laini unatozwa. Mtindo huu ndio unaoacha watu na nambari za simu zilizokufa, kwa sababu kila mtu husema atalipa mwezi ujao.

Wa tatu ni uanachama wa kila mwaka. Hapa soma kwa makini, kwa maana mara nyingi kinachouzwa ni huduma za ziada: ujumbe wa kutangaza mnyama aliyepotea, simu ya ushauri wa daktari, na kadhalika. HomeAgain, kwa mfano, huuza uanachama wa mwaka, lakini uanachama ukiisha nambari na mawasiliano hubaki kwenye kumbukumbu. Usiporudia kulipa unapoteza hizo huduma za juu, hupotezi uandikishaji. Wa nne ni ada ya kuhamisha umiliki, ambayo hutozwa mnyama anapopata mwenyewe mpya. Wakati mwingine ada hii ni kubwa kuliko ya kubadilisha simu, hata kama kazi ni ileile ya kufuta jina na kuandika jingine.

Kabla ya kulipa chochote, tuma barua pepe yenye swali moja: "Nisipolipa mwaka ujao, mtu akiingiza nambari ya mbwa wangu atapata simu yangu au hatapata?" Jibu likizunguka, tafuta kanzidata nyingine. Na piga hesabu ya maisha yote ya mnyama. Tuseme ada ni dola 20 kwa mwaka na mbwa ataishi miaka 12: hiyo ni dola 240. Kampuni ya pili ikitaka dola 45 mara moja, umeshajua iliyo ghali, ingawa tangazo la kwanza ndilo lililoonekana rahisi.

Nitajuaje chipu ya mbwa wangu imeandikishwa wapi?

Anza na nambari. Iko kwenye stika yenye mistari iliyobandikwa katika kadi ya chanjo, au mpeleke mnyama kliniki apitishiwe skana. Hesabu tarakimu: chipu ya kiwango cha kimataifa (ISO 11784 na 11785) ina 15. Zikiwa 9 au 10, hiyo ni chipu ya mtindo wa zamani wa Marekani, na skana nyingine hazitaiona kabisa.

Tarakimu tatu za mwanzo ni msimbo wa nchi au wa mtengenezaji. 404 ni Kenya. Zinazoanza na 9 kwa kawaida ni za watengenezaji: 977 ni Avid, 981 ni Datamars, 985 ni Destron Fearing wanaotengenezea HomeAgain. 900 hutumiwa na watengenezaji wengi kwa pamoja, kwa hiyo peke yake haikuambii kitu. Hapa ndipo watu wengi hupotea njia: msimbo unaonyesha aliyetengeneza chipu, hauonyeshi ilikoandikishwa. Chipu ya Datamars inaweza kuandikishwa kwenye kanzidata ya kampuni nyingine kabisa, au isiandikishwe popote.

Ukishapata nambari, iingize kwenye mitambo ya kutafutia, ambayo ni bure. AAHA, chama cha hospitali za wanyama cha Marekani, kina ukurasa unaotaja kanzidata iliyo na nambari hiyo bila kuonyesha jina lako. Europetnet hukusanya kanzidata za Ulaya. PetMaxx hutafuta katika nchi nyingi. Jaribu zote tatu. Mbwa aliyetoka Ulaya anaweza kuonekana Europetnet na asionekane AAHA. Zote zikirudi tupu, rudi kliniki iliyoweka chipu: huenda fomu haikutumwa, au nambari ipo kwenye daftari lao la ndani pekee, ambalo halionekani na mtu mwingine yeyote.

Nambari isiyoonekana popote si hasara, kwa upande mmoja: hakuna aliyeitangulia, kwa hiyo unachagua kanzidata mwenyewe bila ada ya kuhamisha.

Kliniki ya Nakuru iliandikisha chipu kwa jina la kliniki. Ni sawa?

Ni afadhali kuliko kutoandikishwa, lakini ina shimo. Mbwa akipatikana Jumapili usiku, simu italia kwenye ofisi iliyofungwa. Na kliniki ikihama, ikibadilisha wamiliki au daktari akienda kufanya kazi kwingine, wewe huna kamba ya kushika. Waombe wakufungulie akaunti kwa barua pepe yako, kliniki ibaki mawasiliano ya pili. Kama walinunua chipu kwa wingi, nyingi huja na uandikishaji uliokwisha kulipiwa, hivyo kubadilisha jina mara ya kwanza mara nyingi hakuna gharama. Uliza hilo kabla hujatoa kadi.

Nalipaje dola au pauni nikiwa na M-Pesa tu?

Kanzidata nyingi za nje hazina nambari ya Paybill. Zinataka kadi. Njia rahisi ni kadi ya M-Pesa GlobalPay, ambayo ni kadi ya Visa isiyo ya plastiki inayotumia salio lako la M-Pesa. Unaifungua kupitia *334# au programu ya M-Pesa, unapata nambari ya kadi na tarehe ya mwisho, halafu unaomba CVV (tarakimu tatu za usalama wa kadi) kila unapotaka kulipa. CVV hiyo hudumu dakika 30. Kwa hiyo jaza fomu nzima ya kanzidata kwanza, jina la mbwa, rangi, mwaka wa kuzaliwa, kila kitu, na uombe CVV ukiwa umefika ukurasa wa malipo. Wanaoomba CVV mapema wakaanza kutafuta kadi ya chanjo chini ya godoro ndio wanaoambiwa malipo yamekataliwa.

Sababu nyingine za kukataliwa ni za kawaida. Salio halitoshi, kwa sababu ulibadilisha dola kwa bei ya benki kuu kichwani na malipo yakakatwa kwa bei ya kadi. Acha nafasi ya ziada. Jina la kwenye kadi halilingani: andika majina kama yalivyo kwenye usajili wa M-Pesa. Msimbo wa posta: fomu za Marekani hulazimisha tarakimu tano, na bahati nzuri misimbo yetu ina tano. Nakuru ni 20100, Naivasha 20117, Kericho 20200, Kisumu 40100, Kakamega 50100, Bungoma 50200, Eldoret 30100. Nchi chagua Kenya. Ukiacha Marekani kwa sababu ilikuwa imejazwa tayari, fomu itadai jimbo na malipo yatagoma.

Jambo moja la kuangalia sana: kisanduku cha kujirudia kwa malipo. Kwa kadi ambayo CVV yake hubadilika, malipo ya mwaka wa pili yanaweza kushindwa kimya kimya, na onyo likaenda kwenye barua pepe usiyoifungua. Kwa kadi ya benki kinyume chake hutokea: pesa hukatwa kila mwaka hata baada ya mbwa kufa. Kwa vyovyote vile ondoa alama kwenye kisanduku hicho, uweke kikumbusho kwenye simu yako wiki mbili kabla ya tarehe. Kwa mtu anayelipa kutoka hapa, malipo ya mara moja yana faida ambayo haihusu bei: hakuna la kugoma baadaye.

Nimebadilisha laini ya simu. Nisasishe kabla au baada ya kuiacha ya zamani?

Kabla, na usicheleweshe hata siku moja. Kanzidata nyingi hutuma msimbo wa kuthibitisha kwenye nambari ya zamani. Ukiwa umeshaitupa, unabaki kuandikiana barua pepe na watu wa ng'ambo ukituma picha za kitambulisho. Tena laini isiyotumika kwa miezi hufungwa na baadaye kugawiwa mtu mwingine. Mwokota mbwa atapiga, atapokelewa na mgeni asiyejua habari za mbwa yeyote, naye ataona umemdanganya.

Andika nambari kwa mtindo wa kimataifa: +254, kisha ondoa sifuri ya mbele. 07… inakuwa +2547…, na 01… inakuwa +2541…. Fomu nyingine za Marekani hukubali tarakimu 10 tu, na 0712 ikiingia pale mtu wa huko ataisoma kama nambari ya kwao. Fomu ikigoma, weka nambari kamili yenye +254 kwenye sehemu ya maelezo au ya mtu wa pili, halafu waandikie wahudumu wairekebishe. Wengi hufanya hivyo bila kutoza, kwa sababu kosa ni la fomu yao.

Mtu wa pili awe mtu asiyeishi nyumbani kwako. Mume na mke wenye simu zote mbili ndani ya gari moja lililokwama Mau Summit ni sawa na kuwa na nambari moja. Shemeji aliye Kisii au rafiki wa Nyamasaria anafaa zaidi, mradi ameambiwa.

Nimenunua mbwa ambaye chipu yake bado ina jina la muuzaji. Nani alipe uhamisho?

Kwa mapatano mema, muuzaji. Lakini muhimu kuliko anayelipa ni anayeidhinisha: kanzidata haitakuandika wewe mpaka mwenye jina la sasa akubali. Baadhi hutuma kiungo kwenye barua pepe yake, nyingine hutumia msimbo wa uhamisho anaoutoa kwenye akaunti yake, nyingine zinataka fomu iliyosainiwa. Zikipita siku kadhaa bila jibu, ombi hufa na ada huenda usirudishiwe.

Kwa hiyo fanyeni uhamisho mkiwa pamoja, kabla ya pesa ya mwisho kutoka mkononi mwako. Mpitishieni mbwa skana. Linganisheni tarakimu zote 15 na kadi ya chanjo. Zile nne za mwisho pekee hazitoshi, maana mbwa wa uzao mmoja huwekewa chipu zilizofuatana. Muuzaji afungue akaunti kwenye simu yake, aanzishe uhamisho, nawe uthibitishe papo hapo. Akisema atafanya akifika nyumbani, bakiza sehemu ya malipo. Wafugaji wa German Shepherd wanaouza mbwa mara kwa mara wanaujua utaratibu huu, na anayekataa ana sababu yake.

Kama muuzaji hapatikani tena, tayarisha hati ya mauzo au risiti, kadi ya chanjo yenye jina lako, na barua ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Kenya Veterinary Board inayosema amempitishia skana mbwa huyo na kwamba wewe ndiye unayemleta kwa matibabu. Kanzidata nyingine huridhika na hizo baada ya kumwandikia mwenye jina la zamani na kungoja muda wa kujibu upite akiwa kimya. Nyingine zitataka hati ya kiapo, ambayo wakili au kamishna wa viapo atakuandikia. Muda huo wote unaweza kuandikisha nambari ileile kwenye kanzidata nyingine kwa jina lako, ili angalau mwokota mbwa apate njia ya kukufikia.

Mwenye mbwa amefariki. Je?

Utaratibu ni huohuo, isipokuwa nakala ya cheti cha kifo huchukua nafasi ya idhini. Omba ada ya uhamisho iondolewe. Kampuni nyingi hukubali zikiombwa, lakini hazitangazi.

Nimepata ujumbe kwamba "chipu ya mbwa wako inakaribia kuisha muda". Ni kweli?

Chipu haiishi muda na haiwezi kuzimwa kutoka mbali. Hakuna cha kuzima. Ujumbe kama huo una mawili: ni kampuni halali inayotumia maneno ya kutisha kukuuzia uanachama, au ni tapeli aliyepata orodha ya barua pepe. Usibonyeze kiungo kilicho ndani. Fungua tovuti ya kanzidata kwa kuandika anwani mwenyewe, uingie kwenye akaunti, uangalie kama mawasiliano yako bado yapo. Ujumbe usiotaja tarakimu kamili za chipu yako, au unaotaka pesa zitumwe kwa nambari ya simu ya mtu binafsi, ni wa kufuta tu.

Kanzidata ikifungwa biashara, nini kinatokea?

Hutokea. Mwanzoni mwa 2025 Save This Life ya Marekani ilifunga, na wenye wanyama walioandikishwa huko pekee wakajikuta na chipu inayosomeka vizuri lakini isiyoelekeza kwa mtu yeyote. Aliyekuwa amelipia "maisha yote" alikuwa amelipia maisha ya kampuni. Ukiwa na mbwa aliyeletwa kutoka Marekani mwenye nambari inayoanza na 991 au 900164, mtafute leo kwenye AAHA, na ukikuta yuko kwa kampuni hiyo tu, mwandikishe kwingine. Chipu haibadilishwi, na hakuna sababu ya kumchoma mnyama sindano ya pili.

Hii ndiyo hoja pekee nzito dhidi ya malipo ya mara moja. Bado tunayapendelea, lakini angalia kampuni imekuwepo miaka mingapi na kama inaonekana kwenye mitambo ya kutafutia tuliyotaja. Kanzidata isiyotafutika humo, hata iwe bure, ni daftari ndani ya kabati.

Niandikishe sehemu mbili tatu ili niwe salama zaidi?

Moja iliyo sahihi inatosha, mbili kama ya pili ni bure na utakumbuka kuibadilisha. Tatizo la wengi wenye tatu ni kwamba moja ina simu ya sasa na mbili zina simu za mwaka juzi, na mwokota mbwa hajui aamini ipi. Weka orodha ya ulikoandikisha kwenye ukurasa wa nyuma wa kadi ya chanjo.

Nasafiri na mbwa kwenda Ulaya, Uingereza au Marekani. Lazima nilipie kanzidata kwanza?

Mpakani wanaangalia chipu inasomeka na nambari yake inalingana na hati zote. Hawaulizi kama umelipa uanachama. Kwa hiyo ukiambiwa "bila uanachama wa mwaka mbwa hataruka", si kweli.

Kinachokwamisha safari ni mpangilio na tarakimu. Chipu lazima iwekwe kabla ya chanjo ya kichaa cha mbwa au siku hiyohiyo. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi, na unaanza upya. Kwa Umoja wa Ulaya na Uingereza, mbwa anayetoka Kenya anahitaji kipimo cha damu kinachoonyesha kinga ya angalau 0.5 IU kwa mililita. Damu hiyo hutolewa siku 30 au zaidi baada ya chanjo, kisha unangoja miezi mitatu tangu ilipotolewa kabla ya kusafiri. Marekani, tangu tarehe 1 Agosti 2024, inataka kila mbwa anayeingia awe na umri wa miezi 6 au zaidi na chipu inayosomeka, na Kenya iko kwenye orodha yao ya nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, kwa hiyo kuna masharti ya ziada. Kosa la tarakimu moja kwenye cheti cha maabara linaweza kukurudisha kwenye mwanzo wa miezi ile mitatu. Mwambie daktari apitishe skana mbele yako na asome kwa sauti, wewe ukifuatisha kwenye kila karatasi.

Baada ya kuhamia ni hadithi nyingine. England inalazimisha mbwa kuwa na chipu na mawasiliano ya sasa kwenye kanzidata inayokubalika tangu 2016, na paka tangu tarehe 10 Juni 2024. Faini inafika pauni 500. Simu ya Kisumu haitoshi tena pale. Tenga pesa ya uandikishaji wa huko kwenye bajeti yako ya kuhama.

Kwa ukweli, ada hii ina maana kwa mtu wa Kisumu? Nani ana skana?

Swali zuri, na jibu halipendezi wauzaji. Mbwa akitoroka kwa fataki za Diwali au za mwaka mpya, au kwa radi za alasiri za Kakamega, atakayemkuta kwanza ni mlinzi, mwendesha bodaboda au watoto. Hawana skana. Kibati cha shaba au alumini chenye nambari ya simu kwenye ukanda wa shingo kitamrudisha mbwa haraka kuliko kanzidata yoyote ya dunia, na fundi wa mihuri mjini hukichonga ukingoja. Kama una pesa za kitu kimoja tu mwezi huu, chukua kibati.

Chipu inafanya kazi ambayo kibati hakiwezi: ukanda ukikatika, mbwa akiibwa, au mkiwa na ubishi wa nani mwenyewe. Ukifika kituoni kuandikisha wizi, nambari ya chipu ndani ya OB (daftari la matukio la polisi) ni ushahidi mzito, na picha ya skrini ya akaunti yako yenye jina na tarehe huumalizia. Hapo ndipo mawasiliano ya sasa yanapolipa. Akaunti yenye jina la mfugaji wa zamani itamsaidia yeye, haitakusaidia wewe.

Skana haikuona chipu. Imekufa? Nitarudishiwa ada?

Mara chache sana chipu hufa. Kwanza ondoa ukanda wenye chuma na umwondoe mnyama kwenye meza ya chuma. Skana ishikwe karibu na ngozi na isogezwe polepole kwa mistari ya kukatana, kuanzia katikati ya mabega, kisha shingo pande zote mbili, kifua, hadi viwiko vya miguu ya mbele. Chipu huweza kuhama kabla haijashikwa na nyama, na katika nchi nyingi za Ulaya huwekwa upande wa kushoto wa shingo, si kati ya mabega. Betri dhaifu ya skana hufupisha umbali wa kusoma, ambao tangu hapo ni sentimita chache tu. Rudia kwa skana nyingine kabla ya kukata tamaa.

Ikiwa kweli imekufa au ilitoka siku ileile kupitia tundu la sindano, daktari ataweka mpya, na kanzidata inapaswa kuunganisha nambari zote mbili kwenye ukurasa mmoja. Ya zamani isifutwe, kwa sababu ndiyo iliyo kwenye vyeti. Baadhi hutoza kwa kuunganisha. Piganieni hilo, hasa kama chipu ilikuwa na kasoro.

Ninaweza kuwalazimisha kusahihisha taarifa bila malipo?

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inampa mtu haki ya kutaka taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe, na malalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Kwa kliniki au kanzidata iliyo Kenya, andika ombi kwa barua pepe, taja sheria hiyo, weka nambari ya chipu na kilicho sahihi. Kampuni ya nje isiyo na ofisi hapa ni ngumu zaidi kuibana, lakini barua inayotaja haki ya kurekebishiwa taarifa hufungua milango hata huko. Tofautisha mambo mawili: kosa waliloandika wao, ambalo hupaswi kulilipia, na badiliko lililotokana na wewe kuhama.

Mbwa amekufa. Nafuta akaunti?

Usifute; mweke kwenye hali ya "amefariki", kisha zima malipo yanayojirudia na uondoe kadi. Nambari iliyofutwa huweza kuandikishwa upya na mtu mwingine.

Nyumba yangu haina nambari wala jina la barabara. Anwani niijaze vipi?

Fomu za ng'ambo zinataka barabara na nambari, nawe unaishi nyuma ya shule, njia ya pili ya murram. Kwenye mstari wa kwanza weka mtaa na alama inayojulikana, kwa mfano "Kiamunyi, karibu na" shule au kanisa fulani. Mstari wa pili weka sanduku la posta na msimbo. Mji uwe Nakuru au Kisumu, kaunti iingie kwenye sehemu ya jimbo. Viwianishi vya ramani kutoka kwenye simu viweke kwenye maelezo ya ziada, lakini ikiwa kanzidata inaonyesha maelezo hayo hadharani, acha. Simu mbili zinatosha. Ukimaliza, toka kwenye akaunti, ingiza nambari ya chipu kwenye ukurasa wa kutafuta kama mgeni, na uone kile ambacho mwokota mbwa ataona. Ukikuta ukurasa unasema taarifa hazipo, malipo yako hayajapita, au fomu ilihitaji kubonyezwa mara ya mwisho kwenye barua pepe ya kuthibitisha, ambayo mara nyingi imejificha kwenye folda ya taka.